Sikukuu ya Simhat Torah na Wayahudi wa Katanga

Simhat Torah ni jina la Kiebrania. Maana yake ni furaha ya Torati. Kwa Mswahili si geni sana. Neno Torati lilimfikia kwa njia ya Kiarabu, na msomaji wa Biblia hukiita kitabu cha tano cha Musa Kumbukumbu la Torati. Kitabu hicho ndicho humalizwa siku ya sikukuu, mwezi wa Septemba au Oktoba. Magombo hutolewa kabatini, yakazungushwa mara saba sinagogini kwa nyimbo na kucheza. Habari ya kifo cha Musa ikiisha kusomwa, papo hapo husomwa sura ya kwanza ya Mwanzo, bila kungoja hata juma moja.

Desturi hii ilikua polepole. Wayahudi wa Palestina walikuwa wakimaliza Torati kwa miaka mitatu hivi. Wale wa Babeli kwa mwaka mmoja, na hesabu yao ndiyo iliyoshinda. Benjamin wa Tudela, msafiri wa karne ya 12, alikuta Misri sinagogi mbili, kila moja ikishika hesabu yake. Hata hivyo siku ya Simhat Torah walisali pamoja. Kwa maoni yangu hilo ni jambo kubwa: watu wa Palestina walishangilia mwisho ambao kwao, mara nyingi, ulikuwa haujafika.

Huku Katanga, reli ilifika Elisabethville mwaka 1910, na Wayahudi wa kwanza walikuja kutoka kusini. Baadaye walio wengi walitoka kisiwa cha Rhodes, wakisema Kihispania cha mababu zao. Sinagogi yao ilijengwa kuelekea mwaka 1930. Rabi Moïse Levy, aliyesomea Rhodes, alifika mwaka 1937, mwaka uleule wa kuanzishwa kwa Kolwezi yetu.

Julai 1944 Wajerumani waliwakamata Wayahudi wa Rhodes, zaidi ya 1,600, wakawapeleka Auschwitz. Waliopona ni kama 150. Simhat Torah iliyofuata iliangukia tarehe 10 Oktoba: kisiwani karibu hapakuwa na mtu wa kubeba gombo, na zamu ya kusoma ikawa ya wana wa Rhodes waliokuwa ng'ambo, wa Elisabethville wakiwamo. Baada ya vita, baadhi ya waliosalimika walikuja Kongo kwa ndugu zao.

Wengi waliondoka baada ya 1960, na zaidi baada ya biashara za wageni kutwaliwa mwaka 1973. Sinagogi ingali imesimama Lubumbashi.