Riwaya ya Upelelezi na Kaskazini Mashariki: Bwana Msa Angefika Garissa?

Riwaya ya upelelezi ya Kiswahili ina umri wa zaidi ya miaka sitini, na ramani yake si ngumu kuichora. Ilizaliwa Unguja, ikavuka bahari hadi Dar es Salaam, kisha ikapanda ndege kwenda Nairobi na Kinshasa. Katika kazi zinazosomwa na kutajwa sana, hakuna ambayo imevuka daraja la Mto Tana na kuingia Garissa. Mtu anaweza kudhani kwamba sababu ni umbali, au kwamba wachapishaji wako Nairobi na Dar es Salaam. Makala haya yanashikilia kuwa sababu iko ndani ya utanzu wenyewe, katika aina ya mpelelezi aliyebuniwa na katika historia ya eneo ambalo hadi 2013 liliitwa Mkoa wa Kaskazini Mashariki. Yanashikilia pia kwamba miongoni mwa wapelelezi wetu wote wa kubuni, aliye mkongwe kuliko wote ndiye ambaye angeweza kufanya kazi huko.

Tuanze na mkongwe huyo na aliyemuumba. Muhammed Said Abdulla alizaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918. Uandishi wa vitabu haukuwa ajira yake. Aliajiriwa kwanza katika idara ya afya, mwaka 1948 akaingia katika uhariri wa magazeti, na kuanzia 1958 hadi alipostaafu 1968 alihariri Mkulima, gazeti la kilimo. Hadithi yake Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la 1957-58, ikachapishwa 1960. Zikafuata Kisima cha Giningi, Duniani Kuna Watu, Siri ya Sifuri na nyinginezo, hadi Kosa la Bwana Msa mwaka 1984. Mwandishi alifariki 1991. Mwalimu asiipuuze historia hii ya ajira. Ofisa wa afya huingia nyumba za watu, huuliza maswali yasiyopendeza na hutazama kile ambacho wenye nyumba wamekizoea hata hawakioni tena. Mhariri naye hukaa na maneno ya watu wengine akiyapima. Ukichanganya hao wawili humpati polisi. Unampata Bwana Msa.

Wahakiki wamekwisha kusema mengi kuhusu kiko cha Bwana Msa na jinsi alivyochotwa kwa Sherlock Holmes wa Arthur Conan Doyle. Ni kweli, na mtahiniwa aweza kulitaja jambo hilo kwa sentensi moja kisha aendelee. La muhimu zaidi ni jinsi Abdulla alivyomgeuza. Bwana Msa hana cheo. Inspekta Seif ndiye mwenye sheria mkononi, na bado humwendea raia huyu kuomba msaada. Tena kesi anazozitatua si za wezi wa mabenki. Ni za mirathi, ndoa zilizofichwa, watoto wasiojua wazazi wao, uadui ulioanza kabla msomaji hajafungua ukurasa wa kwanza. Mauaji ni mlango tu. Ndani ya nyumba mna nasaba. Kwa hiyo upelelezi wa Bwana Msa ni kazi ya kuketi, kusikiliza wazee na kukumbuka nani alimwoa nani.

Kuna pia Najum, mwandani wa Bwana Msa. Najum huyaona yale yale ayaonayo Bwana Msa lakini hayaelewi, na msomaji anafungwa pamoja naye. Mbinu hii ndiyo mhimili wa taharuki katika riwaya hizi, maana mwandishi hajaficha dalili yoyote. Ameziweka zote mezani mbele ya mtu asiyejua thamani yake.

Baada ya uhuru mpelelezi alibadilika. Faraji Katalambulla alichapisha Simu ya Kifo mwaka 1965, na humo anayesaka ukweli katika mitaa ya Dar es Salaam ni Inspekta Wingo, mtumishi wa polisi. Miaka tisa baadaye, 1974, Elvis Musiba akatuletea Willy Gamba katika Kufa na Kupona. Huyu ni jasusi wa taifa. Adui yake ni makaburu na mamluki, na Kikosi cha Kisasi cha 1979 kinampeleka hadi Kinshasa. Ben Mtobwa, aliyefariki 2008, alimuumba Joram Kiango, kijana huru kidogo, mwenye mikogo, lakini naye vita vyake vikubwa ni vya kulinda nchi. Riwaya hizi zilipendwa mno, na nadhani tumezionea kwa kuziita pendwa kana kwamba kupendwa ni kasoro. Ziliandikwa usiku na watu wenye shughuli nyingine mchana: Musiba alikuwa mfanyabiashara, tena aliyewahi kuwaongoza wafanyabiashara wenzake wa Tanzania. Hata hivyo zina sharti moja lisilosemwa. Ili Wingo au Gamba afanye kazi, msomaji ni lazima aamini kuwa dola iko upande wa aliyeuawa.

Sharti hilo ndilo lililokwama kwenye ukingo wa Tana.

Mwaka 1962 tume iliyotumwa na Uingereza kupima maoni ya wakazi wa wilaya za mpaka wa kaskazini ilikuta wengi wa Wasomali wakitaka kujiunga na Somalia. Matakwa hayo hayakutekelezwa. Tarehe 28 Desemba 1963, wiki mbili tu baada ya uhuru wa Kenya, hali ya hatari ilitangazwa katika eneo hilo, na vita vilivyoitwa vya mashifta vikaendelea hadi mapatano ya Arusha ya 1967, yaliyosimamiwa na Rais Kaunda wa Zambia. Mwaka 1970 Bunge lilipitisha Sheria ya Kinga, iliyozuia kesi juu ya vitendo vya watumishi wa serikali na wanajeshi katika eneo hilo na wilaya jirani kati ya Desemba 1963 na Desemba 1967. Vita viliisha, ila kanuni za hali ya hatari zilibaki hadi 1991.

Tuisome sheria hiyo kama wahakiki. Riwaya ya upelelezi husimama juu ya haki ya kuuliza. Panapo sheria inayosema kwamba swali haliwezi kufikishwa mahakamani, msuko unakatika katika sura ya pili. Maiti yupo, mjane yupo, hata mashahidi wapo. Asiyekuwepo ni mtu mwenye ruhusa ya kugonga mlango. Willy Gamba angetumwa Garissa mwaka 1966 angetumwa na upande mmoja wa kesi.

Neno lenyewe “shifta” linastahili kutazamwa. Limetoka Ethiopia na asili yake ni jambazi au mwasi. Katika taarifa za miaka ile neno hili lilifanya kazi ambayo hakuna mwandishi mzuri wa upelelezi angeikubali, yaani lilimtaja mkosaji kabla ya uchunguzi. Riwaya huhitaji washukiwa kadhaa, kila mmoja na sababu yake. Eneo zima likishapewa jina moja la mshukiwa, hakuna taharuki tena, na hakuna wahusika. Kuna umati tu.

Novemba 1980, baada ya watumishi wa serikali kuuawa mjini Garissa, mtaa wa Bulla Kartasi uliteketezwa na wakazi wakakusanywa na kuzuiliwa katika uwanja wa shule ya msingi. Februari 1984, wanaume wa ukoo wa Degodia walikusanywa katika kiwanja cha ndege cha Wagalla, karibu na Wajir, wakawekwa juani siku kadhaa, na wengi wakauawa. Serikali ilitaja vifo 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, katika ripoti iliyokabidhiwa kwa Rais mwezi Mei 2013, iliandika kwamba huenda idadi ilikaribia 1,000. Riwaya ya kawaida ya upelelezi huanza na maiti mmoja aliyehesabiwa, kisha humtafuta muuaji. Hapa hesabu ya maiti yenyewe ndiyo fumbo.

Mwaka 1984 ni wa kushangaza katika historia yetu hii. Ndio mwaka wa Kosa la Bwana Msa. Ndio mwaka pia ambao John Kiriamiti, aliyefungwa tangu 1971 kwa ujambazi, alitoka gerezani na kitabu chake My Life in Crime kikachapishwa Nairobi, kikawa mojawapo ya vitabu vilivyosomwa zaidi nchini. Wakenya wakajifunza kupenda hadithi ya uhalifu iliyosimuliwa na mhalifu mwenyewe, yenye magari, bastola na mitaa ya jiji. Kuhusu Wagalla hapakuwa na kitabu. Aliyesaidia sana habari zake kufika nje alikuwa Annalena Tonelli, Mwitaliano aliyewatibu wagonjwa wa kifua kikuu Wajir; alilazimika kuondoka Kenya, na mwaka 2003 aliuawa Borama. Ilichukua hadi 2007 kwa S. Abdi Sheikh kuchapisha Blood on the Runway. Si riwaya, na hakikuandikwa kwa Kiswahili, lakini mwalimu akikisoma atayakuta mambo ya utanzu wetu: mashahidi wanaotofautiana, nyaraka zinazokosekana, na mwandishi anayerudi mahali pa tukio miaka mingi baadaye.

Je, mwandishi wa Kiswahili angewezaje kuiweka riwaya ya upelelezi Garissa bila kuigeuza kuwa picha ya Nairobi yenye ngamia? Nadhani angeanza na yaliyopo. Wafugaji wa eneo hili ni wapelelezi kwa malezi. Ngamia huwekwa alama ya ukoo kwa chuma cha moto, na mchungaji mzoefu huusoma unyayo mchangani kama Bwana Msa asomavyo jivu la sigara. Hizo ni dalili tayari, na si za kuazima London.

Gumu zaidi ni swali la “nani?”. Katika mila ya Kisomali, mauaji huleta diya, fidia ambayo kwa desturi ya kale ni ngamia mia kwa mwanamume na hamsini kwa mwanamke, nayo hulipwa na kundi zima la ukoo wa muuaji. Mara nyingi muuaji anajulikana kabla jua halijatua. Hata Azimio la Modogashe la 2001, ambalo jamii za eneo hili na majirani zao zilikubaliana, lilihusu kwa sehemu kubwa fidia ya maisha na mifugo. Mwandishi akiliiga tu umbo la Uingereza, la muuaji mmoja anayefichuliwa sebuleni katika sura ya mwisho, riwaya yake haitaaminika na msomaji wa Garissa. Taharuki ya huko ingetoka kwingine: nani atakubali kusema mbele ya wazee, nani atakataa kuchangia, binti gani anajua kwamba aliyelipiwa siye aliyeua. Hayo ni mambo ya nasaba, na hapo ndipo mpelelezi wa Makunduchi, asiye na cheo, anayejua kuketi na kusikiliza, anafaa kuliko Inspekta Wingo na Willy Gamba wote wawili.

Mtahiniwa asidhani kwamba utanzu huu hauhusiani na vitabu teule. Kidagaa Kimemwozea cha Ken Walibora, kilichotahiniwa katika muongo wa 2010, kina uti wa mgongo wa upelelezi. Amani anafika Sokomoko akijifanya mtu wa kawaida, lakini anatafuta aliyeiba mswada wake na ukweli kuhusu mali ya babu yake na kifungo cha ami yake. Mshukiwa ndiye mtawala. Walibora alitatua tatizo letu kwa kumfanya mpelelezi kuwa mchunga ng'ombe, tena mtu wa familia iliyodhulumiwa. Swali zuri la darasani ni hili: Amani angeweza kupeleleza kama angekuwa askari wa Mtemi Nasaba Bora?

Linabaki suala la lugha, ambalo linawagusa walimu moja kwa moja. Kiswahili kilipanda Mto Tana na biashara, na sokoni Garissa husikika kila siku. Lakini kwa wazee wengi wa mashambani kilikuwa pia lugha ya askari, ya amri na ya kuulizwa kitambulisho, hasa baada ya zoezi la kuwasajili Wakenya Wasomali lililoanza 1989. Mwalimu wa Kiswahili ameirithi historia hiyo hata kama alizaliwa juzi. Naye amekuwa mhusika katika uhalifu wa siku za karibuni: walimu walikuwa wengi miongoni mwa watu 28 waliouawa katika basi lililotoka Mandera Novemba 2014, watu 148, wengi wao wanafunzi, waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015, walimu watatu waliuawa Kamuthe Januari 2020. Kila mara walimu wa kutoka nje ya eneo waliondoka, na madarasa yakabaki bila mtu wa kufundisha fasihi. Kesi ya chuo kikuu ilifika mahakamani, na mwaka 2019 watu watatu walitiwa hatiani. Jibu la “nani?” lilipatikana kwa sehemu. Jinsi mji ulivyoishi kati ya 2015 na 2019, ukishukiwa na kuomboleza kwa wakati mmoja, bado ni malighafi inayomngoja mwandishi.

Mwalimu aliyewahi kusahihisha insha za kubuni anajua mwanafunzi akiambiwa aandike kisa cha uhalifu huandika nini. Ving'ora, jiji, majambazi watatu wenye barakoa. Amempata Kiriamiti bila hata kumsoma. Mwalimu wa Garissa, Wajir au Mandera aweza kumwambia mwanafunzi huyo aanze na alama ya ngamia iliyofutwa na kuchomwa upya, amtaje anayeiona kwanza, kisha amweke kando yake Najum asiyeelewa. Tume ya Ukweli ilipoanza vikao vyake vya hadhara Aprili 2011, ilianzia Garissa. Wazee na wajane walizungumza Kisomali, na wakalimani wakayageuza maneno yao, sentensi baada ya sentensi, huku umati ukisubiri kusikia yaliyokwisha kusemwa.