M-Pesa kutoka upande wa kaunta

Historia ya M-Pesa imezoeleka kusimuliwa kwa sura moja: kijana yuko Nairobi, wazazi wako kijijini, na pesa inasafiri kwa simu badala ya kutiwa kwenye bahasha na kukabidhiwa dereva wa matatu. Tangazo la mwaka 2007 lilihimiza watu watume pesa nyumbani, na wasimulizi wengi wameishia hapo. Mimi naandika hesabu za maduka madogo mjini Thika, na nimekulia nyuma ya kaunta ya baba yangu papa hapa. Kuna nusu ya historia hii ambayo haijapewa haki yake, nayo ni ya wenye maduka, wauza mitumba na kina mama mboga. Walipokea chombo kilichobuniwa kwa kazi nyingine wakakigeuza kasiki, kisha njia ya kulipana, kisha kumbukumbu ya mauzo.

Kabla ya hapo tulikuwa na nini? Kwenye kaunta ya baba kulikuwa na mizani, droo ya mbao, na madaftari mawili. La kwanza lilikuwa kaunta buku nene ya mali iliyoingia na pesa iliyotoka. La pili lilikuwa dogo, la mraba, la madeni. Kila nyumba ilikuwa na ukurasa wake, jina la mama wa nyumba likiwa juu, na chini yake unga, mafuta, sukari, sabuni, mafuta tena. Mwisho wa mwezi deni likilipwa, baba alipiga mstari mmoja wa kalamu nyekundu kutoka juu hadi chini, na mteja alisimama pale akiangalia mpaka mstari uishe. Ukutani palikuwa na kibao cha “Kukopa harusi, kulipa matanga”, na chini ya kibao hicho baba alikopesha kila siku ya Mungu, kwa sababu mtaa uliolipwa mshahara mara moja kwa mwezi haungeweza kula kwa taslimu.

Daftari hilo halikuwa dalili ya ushamba, kama wanavyodhani wauzaji wa programu wanaokuja kunionyesha mitambo yao. Lilibeba historia nzito. Sheria ya kikoloni ya mwaka 1948 ilimzuia mfanyabiashara asiye Mwafrika kudai mahakamani deni la Mwafrika lililozidi shilingi 200, ila kwa idhini ya serikali. Ilisemwa kwamba nia ni kumlinda Mwafrika asizame katika madeni. Kwa mwenye duka Mwafrika aliyetaka kuchukua bidhaa kwa mkopo kutoka kwa Mhindi wa jumla, ilikuwa ni kufungiwa mlango. Sheria hiyo iliondolewa mwaka 1960, lakini mazoea yaliyojengeka chini yake yalidumu. Mkopo wa mtu mdogo ulikaa kwenye daftari na kwenye ahadi ya mdomo, mbali na benki na mbali na hakimu. Baba alifungua duka lake ndani ya mazoea hayo.

Sasa tuje Thika ya mwaka 2005. Nick Hughes wa kampuni ya Vodafone ya Uingereza alikuwa amepata msaada wa karibu pauni milioni 1 kutoka mfuko wa serikali ya nchi yake, naye Susie Lonie akaja Kenya kuusimamia mradi uliozaa M-Pesa. Washirika walikuwa kampuni ya simu ya Safaricom, Commercial Bank of Africa na Faulu, shirika la mikopo midogo. Wazo lilikuwa jepesi kueleza: mwanachama wa kikundi cha mkopo apokee mkopo wake kwa simu, autoe kwa wakala, na arejeshe kidogo kidogo kwa njia hiyo hiyo. Anayekumbuka mikutano ya vikundi vya mkopo ataelewa kwa nini wazo hilo lilivutia. Kila wiki watu walikaa kwenye viti vya plastiki, wakasubiri aliyechelewa, wakahesabu noti na sarafu mara mbili, kisha mweka hazina akazibeba mpaka benki na kupanga foleni nusu siku huku duka lake limefungwa.

Jaribio lilianza Oktoba 2005, Nairobi na hapa Thika, likiwa na mawakala 8 na wateja wasiofika 500. Mama hakuwa miongoni mwao, ingawa baadhi ya wenzake sokoni walikuwa. Yaliyofuata yameelezwa na Hughes na Lonie wenyewe, na ndiyo sehemu ya historia hii ninayoipenda kuliko zote. Wateja walipewa chombo cha kulipia mkopo, wao wakaanza kukitumia watakavyo. Mfanyabiashara alimlipa mwenzake bidhaa. Mwingine alimlipia jirani rejesho la mkopo, naye jirani akamlipa kwa kazi. Msafiri aliweka pesa kwa wakala wa mji mmoja, akapanda gari mikono mitupu, akaitoa saa chache baadaye mji wa pili. Mke alimtumia mumewe aliyeibiwa nauli ya kurudi nyumbani. Na wenye biashara kubwa kidogo waliweka mauzo ya siku kwenye simu usiku, wakayatoa asubuhi.

Hilo la mwisho nataka kulikazia. Benki zetu wakati ule zilifunga saa tisa alasiri. Duka la mtaani linaanza kuuza kweli kweli saa kumi na moja, watu wakitoka kazini, na linafungwa saa mbili au tatu usiku. Kwa hiyo pesa yote ya jioni ililala na mwenye duka. Kwetu ililala ndani ya debe la unga, imefungwa kwenye mfuko wa nailoni, na unga ukamwagwa juu yake. Mama alikuwa akiamka usiku akisikia mbwa wakibweka. Wakala wa M-Pesa alikuwa mwenye duka kama sisi, anafunga usiku kama sisi, na hapo tatizo la saa tisa likapata dawa ambayo hakuna benki iliyokuwa imefikiria kuileta mtaani. Aliyeigundua dawa hiyo ni muuzaji aliyechoka kulala macho.

Faulu kwa upande wake ilitaabika. Malipo yalipoingia mtu mmoja mmoja kwa simu, kuyalinganisha na vitabu vya vikundi ikawa kazi juu ya kazi. M-Pesa ilipozinduliwa nchi nzima Machi 2007, habari ya mikopo iliachwa nje, ikabaki kuweka, kutuma na kutoa. Kujiandikisha kulikuwa bure, kuweka bure, kumtumia aliyesajiliwa shilingi 30, na kikomo cha muamala mmoja shilingi 35,000. Matangazo yakazungumzia nyumbani. Baba akapiga hesabu yake: shilingi 30 za kumlipa muuza jumla wa Nairobi, dhidi ya nauli ya kwenda na kurudi, siku nzima ya duka, na vibaka wa stendi.

Halafu ikaja Januari 2008, ghasia za baada ya uchaguzi. Benki zilifungwa, barabara zilizibwa, kadi za muda wa maongezi zikaadimika. Watu waliokwama mitaani walitumiwa pesa na muda wa maongezi kwa simu. Wauzaji waliyaona maduka ya wenzao yakivunjwa na kuchomwa moto, droo na vyote vilivyomo. Waliobaki na chochote mara nyingi walikuwa wale waliokuwa na salio kwenye simu. Baada ya mwezi ule sikumsikia tena mzee yeyote sokoni akiuliza kama pesa isiyoshikika ni pesa. Desemba ya mwaka huo, kaimu waziri wa fedha John Michuki alipoagiza M-Pesa ichunguzwe, swali nililolisikia kwenye kaunta lilikuwa tofauti: wakiifunga, bidhaa tutalipia vipi?

Baba akawa wakala. Ukoo mzima ulidhani atatajirika, nao hawakujua kazi ya floti. Wakala lazima awe na vitu viwili kwa wakati mmoja: pesa mkononi, na pesa ya simu aliyoinunua kwa kuweka shilingi benki. Mteja akiweka, noti zinaongezeka na floti inapungua. Akitoa, kinyume chake. Hapa mjini watu huweka zaidi ya wanavyotoa, kwa hiyo floti ilikauka adhuhuri huku droo imefurika noti, na mtu akalazimika kukimbia benki. Binamu yangu, wakala kijijini, alikuwa na shida ya upande wa pili: wazee wanatumiwa pesa na watoto wao, wote wanataka kutoa, naye noti zimekwisha. Mfumo uliosifiwa dunia nzima ulikuwa ukisukumwa kila siku na mtu anayetembea kwa miguu na mfuko wa karatasi hadi dirisha la benki.

Na kila muamala uliandikwa kwa mkono. Tarehe, namba ya muamala, jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu, kiasi, sahihi. Bibi asiyejua kuandika alikuwa akiweka alama ya msalaba, na baba akamngoja kwa subira ile ile ya mstari mwekundu. Ujumbe wenye neno “Imethibitishwa” ulikuwa umeshafika kwenye simu zote mbili, lakini wengi hawakuondoka kabla ya kuona wino.

Kulipia bidhaa dukani kulikuja vivyo hivyo, watu kwanza, kampuni baadaye. Wenye maduka walikuwa wakiandika namba zao za simu kwenye vipande vya katoni na kuvitundika karibu na mkate. Mteja alitumia “tuma pesa” kama anamtumia shangazi. Matatizo yalikuwa mengi: mteja alilipa ada juu ya bei, pesa ya duka ilichanganyika na karo za watoto, na matapeli walionyesha ujumbe wa kughushi au walilipa, wakabeba mzigo, kisha wakaomba muamala urudishwe. Mwaka 2013 Safaricom ilileta Lipa na M-Pesa, duka likapata namba yake yenyewe, na jina la biashara likaonekana kwenye ujumbe. Safari hii aliyekatwa ada ni muuzaji, na ndiyo maana kina mama mboga waliendelea na katoni zao kwa miaka. Sikuwalaumu. Faida ya fungu la sukumawiki haina nafasi ya kugawiwa mtu wa tatu. Ada zilishushwa hatua kwa hatua, na mwaka 2020, wakati wa korona, Benki Kuu iliondoa kwa muda ada za kutuma hadi shilingi 1,000. Baadaye ikaja huduma ya Pochi la Biashara, inayotenga pesa ya biashara na ya nyumbani kwenye laini ile ile na kumzuia mnunuzi kujirudishia malipo bila ridhaa ya muuzaji. Kila kitu kilichomo ndani ya Pochi kilikuwa kimelalamikiwa sokoni miaka mingi kabla.

Leo wateja wangu wananiletea taarifa ya miezi sita kutoka kwenye simu, kurasa kwa kurasa, na mimi nainyoosha kwenye kompyuta. Tangu mwaka 2017 Safaricom ilipofungua Daraja, lango linaloruhusu programu za watu wengine kupokea taarifa za malipo, wapo vijana wanaouza mifumo inayofanya hivyo yenyewe, na mingine ni mizuri sana. Lakini taarifa ya M-Pesa inajua nani amelipa na kiasi gani. Haijui kama alinunua mchele au mafuta ya taa, wala haimjui aliyechukua bila kulipa. Kwa hiyo kila ninapofunga hesabu naomba pia lile daftari la mraba, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia hana.

Kinachonisumbua sasa ni madaftari ya mawakala. Yale ya miaka ya kwanza yanaisha, mengine yamefungiwa maandazi, mengine yamechomwa duka likihama. Ndani yake kuna Kenya nzima ya wakati ule: siku za mshahara, wiki ya kufungua shule, Januari 2008 mstari kwa mstari. Najua yamejaa namba za vitambulisho, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 haituruhusu kuyaanika. Namba hizo zinaweza kufunikwa, tarehe na kiasi vikabaki. Nimewaomba wazee wawili watatu hapa Thika wasitupe yao mpaka apatikane mtu wa makumbusho au wa chuo kikuu wa kuyapokea, na ya baba nimeshayatia kwenye sanduku la bati pamoja na ya madeni.