Nani anakaa mezani baraza la ardhi linaposikiliza shauri lako?

Kwa mkazi wa Chiwata, wilayani Masasi, mahali pa karibu pa kupeleka jambo la sheria si ofisi ya wakili. Ni baraza. Wakati mwingine ni chumba kwenye ofisi ya kata, wakati mwingine ni benchi mbili chini ya mwembe. Tukisema "usawa kazini" wengi hufikiria maofisi ya Dar es Salaam yenye viyoyozi. Lakini benchi lile nalo ni mahali pa kazi ya sheria, na swali la nani amekalishwa pale linaweza kuamua kama utabaki na shamba lako la mikorosho au la.

Sheria haikuliacha jambo hilo kwa hiari ya wazee. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka baraza la ardhi la kijiji liwe na wajumbe 7, na kati yao 3 wawe wanawake. Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi ya mwaka 2002 inataka baraza la kata liwe na wajumbe wasiopungua 4 na wasiozidi 8, na hapo pia 3 wawe wanawake. Na wajumbe wanapokaa kusuluhisha, wanatakiwa kuwa watatu, angalau mmoja wao awe mwanamke.

Msikilizaji anaweza kusema hizo ni namba za kwenye karatasi. Sivyo. Kwa miaka mingi mabaraza ya kata yalikuwa na mamlaka ya kuamua migogoro ya ardhi yenye thamani isiyozidi shilingi milioni 3. Mtu alishinda, mwenzake akakata rufaa, shauri likapanda ngazi moja baada ya nyingine. Huko juu majaji walipofungua jalada walitazama kwanza wajumbe walikuwa nani. Walipokuta baraza halikuwa na wanawake wanaotakiwa, au majina ya wajumbe hayakuandikwa kiasi cha kujua nani alikaa, mara nyingi walifuta kila kitu tangu mwanzo. Aliyeshinda alirudi nyumbani mikono mitupu, si kwa sababu alidanganya, bali kwa sababu benchi lilipangwa vibaya siku ya kwanza.

Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa. Sasa baraza la kata halitoi hukumu ya ardhi, linasuluhisha tu. Likishindwa, shauri huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, nalo halilipokei bila uthibitisho kwamba usuluhishi ulijaribiwa ukashindikana. Siku 30 zikipita bila suluhu, mlalamikaji anaweza kusonga mbele. Wapo wanaosema basi habari ya wajumbe haina uzito tena. Mimi naona uzito umeongezeka. Hukumu unaweza kuikatia rufaa. Suluhu uliyoikubali kwa aibu, mbele ya wanaume watano wa ukoo mmoja, utaitengua vipi?

Na huku kwetu suala la ukoo si dogo. Wamakonde, Wamakua na Wayao wote kwa asili walihesabu ukoo kwa upande wa mama. Mjomba alikuwa mtu mkubwa kuliko baba, na mali ya mwanamume iliwaendea wapwa zake, watoto wa dada. Kisha ukaja mkorosho, mti unaodumu miaka mingi na kuleta fedha kila msimu, na zikaja dini zenye utaratibu mwingine wa mirathi. Baba aliyepanda mikorosho kwa jasho lake akataka wanawe wairithi. Desturi mbili zikakutana kwenye shamba moja.

Chukua mfano wa mama aliyefiwa na mume. Mikorosho waliipanda pamoja. Kabla arobaini haijafika, wapwa wa marehemu wanakuja kuhesabu miti. Huyu ni mwanamke anayeonewa kwa jina la mila. Sasa geuza: dada wa marehemu amelima miaka yote ardhi ya mama yao, na watoto wa kaka yake wanamwambia aondoke kwa sababu baba yao alikuwa analima hapo. Huyu naye ni mwanamke, naye mila ndiyo inayomlinda. Mirathi yenyewe hufunguliwa Mahakama ya Mwanzo, lakini ugomvi wa nani alime na mpaka uko wapi huanzia barazani. Jibu la mkato halipo. Panahitajika watu wanaoijua hali ya mjane na hali ya dada pia, na wanaume wazee peke yao, hata wakiwa na nia njema, huijua nusu.

Sheria yenyewe imeweka ukomo wa mila. Sheria ya Ardhi ya Vijiji inasema desturi inayomnyima mwanamke, mtoto au mtu mwenye ulemavu haki ya kumiliki au kutumia ardhi ni batili kwa kiasi hicho. Kabla ya hapo, mwaka 1990, Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu kule Mwanza aliamua kesi ya Holaria Pastory, mama wa Kihaya aliyeuza shamba alilorithi kwa baba yake. Mpwa wake alipinga, kwa kuwa mila ya Kihaya ilimzuia mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Jaji alisema mila hiyo inapingana na Katiba, na mama ana haki ya kuuza sawa na mwanamume. Ni Kagera, mbali na sisi, na ukoo wao ni wa upande wa baba. Lakini uamuzi ule unatajwa mpaka leo katika kesi za wanawake na ardhi nchi nzima.

Kuna jambo jingine linalofanya benchi la kata liwe na uzito wa pekee: wakili haruhusiwi kuingia pale kukutetea. Baraza linaweza kumruhusu ndugu au mtu wa nyumbani kwako akusemee, basi. Kwa hiyo kinga yako kubwa ni mchanganyiko wa wajumbe wenyewe.

Mchanganyiko huo usiwe wa kuhesabiwa tu. Mjumbe mwanamke anayetumwa kufuata chai wakati shauri linaendelea, kisha anaitwa kuweka saini, hajakaa kwenye baraza. Vivyo hivyo wajumbe wote wakiwa wa kabila moja au msikiti mmoja au kanisa moja, wakati kata ina watu wa kila namna. Sheria haikutaja idadi ya makabila wala dini, hivyo hilo ni busara ya wanaochagua. Lugha nayo ni sehemu ya usawa. Mwaka 2021 Kiswahili kilifanywa lugha ya sheria na mahakama, hatua kubwa. Hata hivyo yuko bibi anayeeleza mpaka wa shamba lake vizuri zaidi kwa Kimakua au Kiyao, na baraza lisilo na anayemwelewa litaandika maneno ambayo hakuyasema.

Kwa wale walioajiriwa katika ofisi za sheria mjini Masasi au Newala, makarani na makatibu muhtasi wa mawakili, sheria inayowahusu ni ile ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Inakataza mwajiri kubagua kwa kabila, dini, jinsia, ujauzito, ndoa, ulemavu au virusi vya Ukimwi, na inatoa likizo ya uzazi ya siku 84. Mwanasheria naye ni mwajiri kama wengine.

Turudi kwenye benchi letu. Wajumbe wa baraza la kata huchaguliwa na kamati ya maendeleo ya kata kutoka kwenye orodha ya wakazi. Wa baraza la ardhi la kijiji hupendekezwa na halmashauri ya kijiji, kisha lazima wakubaliwe na mkutano mkuu wa kijiji. Huo ndio mlango wenu. Majina yakisomwa, hesabuni wanawake, na ulizeni kama wenyewe wamekubali na wana nafasi ya kuhudhuria hata msimu wa korosho. Mkutano una haki ya kukataa jina.

Na siku ya shauri lako, kabla hujaanza kusema, mwombe katibu kwa heshima aandike majina ya wajumbe wote waliopo, na kila jina aonyeshe kama ni mwanamke au mwanamume. Ni dakika mbili. Yakishaandikwa, omba usomewe.