Miaka 18 au 21: Nambari Mbili Zinazoigawa Marekani

Tarehe 26 Machi 2025, Baraza la Wawakilishi la jimbo la Florida lilipiga kura, 78 kwa 34, kushusha umri wa kununua bunduki ndefu kutoka miaka 21 hadi 18. Siku 22 baadaye, kijana wa miaka 20 alifyatua risasi katika Chuo Kikuu cha Florida State, mjini Tallahassee. Aliua watu wawili na kujeruhi wengine kadhaa. Kutoka chuo hicho hadi jengo la bunge ni mwendo wa miguu tu.

Ukisikia hivyo utadhani mjadala uliishia hapo. Wapi! Bastola iliyotumika haikununuliwa na kijana huyo. Ilikuwa ya mama yake wa kambo, afisa wa polisi wa kaunti. Kwa hivyo kila upande ulipata la kusema. Kama sheria ya miaka 21 haikumzuia, ina faida gani? Na kama hata yenye sheria hiyo yametokea haya, kwa nini tuilegeze? Ili kuelewa kwa nini Wamarekani wanazunguka hapo hapo, lazima tuulize hizi nambari mbili zilitoka wapi.

Tuanze na 21. Wamarekani waliirithi kutoka sheria ya kale ya Kiingereza. Asiyefika umri huo alihesabiwa mtoto: mkataba aliotia sahihi haukumfunga, na mali yake ilisimamiwa na mkubwa. Vyuo navyo viliwachukulia wanafunzi hivyo hivyo. Mwaka wa 1824, bodi ya Chuo Kikuu cha Virginia ilipiga marufuku wanafunzi kuweka silaha za aina yoyote. Kwenye bodi hiyo walikuwemo Thomas Jefferson na James Madison, waasisi wawili wa taifa hilo. Marufuku haikutosha. Mwaka wa 1840 mwanafunzi aliyevaa kinyago alimpiga risasi Profesa John Davis uani mwa chuo, na profesa akafa. Kumbe risasi chuoni si habari ya kizazi cha simu.

Nambari 18 nayo ina ukoo wake. Mwaka wa 1792 Bunge la Marekani liliamuru wanaume weupe wa miaka 18 hadi 45 waandikishwe kwenye wanamgambo, kila mmoja aje na bunduki yake. Yaani kijana yule yule ambaye sheria ilimwona mtoto sokoni, ilimwona mwanamume vitani.

Mkanganyiko huo haukuwahi kutatuliwa. Mwaka wa 1968, baada ya Martin Luther King na Robert Kennedy kuuawa kwa risasi miezi miwili tu wakifuatana, Rais Lyndon Johnson alitia sahihi sheria mpya ya silaha. Muuzaji mwenye leseni asimuuzie bastola mtu wa chini ya miaka 21, lakini bunduki ndefu, ruksa kuanzia 18. Bastola ilionekana silaha ya mhalifu wa mjini. Bunduki ndefu ilionekana ya mwindaji. Haikuwekwa hivyo kwa sababu ya kuua kwake. Miaka miwili nyuma, Agosti 1966, mtu mmoja alikuwa amepanda mnara wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin na kuwapiga watu risasi kutoka juu, na bunduki ndefu ndizo zilizofikisha mauti mbali namna ile. Yeye alikuwa na miaka 25, kwa hivyo kikomo chochote cha umri kingempita.

Halafu ikaja Vietnam. Vijana wa miaka 18 walikuwa wanaitwa jeshini kwa lazima, nao wakauliza: kama tunaweza kufa kwa ajili ya nchi hii, mbona hatuwezi kupiga kura? Mwaka wa 1971 katiba ilibadilishwa wakapewa kura. Mwaka wa 1984 serikali ikayabana majimbo yarudishe umri wa kununua pombe hadi 21. Hesabu sasa: kijana wa miaka 19 anaweza kupiga kura, kwenda vitani na, katika majimbo mengi, kununua bunduki kubwa dukani. Bia, hapana. Bastola kwa muuzaji mwenye leseni, hapana.

Februari 2018, kijana wa miaka 19 aliua watu 17 katika shule ya upili mjini Parkland, Florida, kwa bunduki aliyoinunua kihalali akiwa na 18. Wanafunzi walionusurika walipanda mabasi hadi Tallahassee kuwakabili wabunge. Kabla mwezi haujaisha, Gavana Rick Scott, mtu wa Republican, alitia sahihi sheria ya kupandisha umri hadi 21 kwa bunduki zote. Chama cha wamiliki wa bunduki, NRA, kilikwenda mahakamani siku hiyo hiyo.

Kesi hiyo ilikuja kukutana na jambo jipya. Mwaka wa 2022 Mahakama ya Juu iliamua kwamba sheria ya silaha lazima ifanane na desturi za zamani za taifa. Tangu hapo majaji wamekuwa wanahistoria wa lazima. Januari 2025 mahakama moja ya rufaa ilitazama wale wanamgambo wa 1792 ikaona vijana wa 18 wana haki ya kununua bastola. Machi, nyingine ilitazama watoto wa sheria ya Kiingereza ikaipitisha sheria ya Florida. Historia ni ile ile, majibu mawili.

Mimi naona historia hiyo inasema kitu kingine kabisa. Umri wa utu uzima haujawahi kuwa ukweli wa mwili. Wakubwa wakihitaji askari, kijana ni mtu mzima. Wakiogopa ulevi wake, ni mtoto. Na nambari yoyote watakayochagua inalinda mlango wa duka peke yake. Mlango huo si kitu kidogo: Uvalde, Texas, mwaka wa 2022, muuaji alinunua bunduki mbili siku chache baada ya kutimiza miaka 18, kisha akaua watoto 19 na walimu wawili. Umri wa 21 ungemfungia duka siku hiyo. Lakini kabati la nyumbani halimuulizi mtu kitambulisho.

Baada ya risasi za Florida State, wanafunzi walikwenda tena bungeni. Baadhi ya waliokuwa wakisoma chuoni hapo walikuwa wamenusurika Parkland wakiwa watoto. Seneti haikuuleta mswada wa 18 kwenye kura, ukafa kimya kimya. Umri ukabaki 21. Na wale walionusurika mara mbili tayari walikuwa wameupita.