MWAKA 1964: SIKU 105 ZA TANGANYIKA NA ZANZIBAR

Somo letu la leo lahusu mwaka mmoja tu, mwaka 1964, katika nchi mbili zilizokuwa jirani, Tanganyika na Zanzibar. Tangu tarehe 12 Januari mpaka tarehe 26 Aprili ni siku 105. Katika siku hizo serikali moja ilipinduliwa, nyingine iliponea chupuchupu, na nchi mbili zikawa moja. Watu wengi huyakumbuka mambo haya moja moja. Leo tuyatazame pamoja, kwa maana yalivutana kama shanga katika uzi.

Tuanze Zanzibar. Visiwa vilipata uhuru tarehe 10 Desemba 1963, chini ya Sultani Jamshid bin Abdulla na Waziri Mkuu Mohamed Shamte. Lakini katika uchaguzi wa Julai mwaka ule, chama cha Afro-Shirazi kilipata zaidi ya nusu ya kura zote, na bado vyama viwili vilivyoungana dhidi yake vikapata viti vingi zaidi. Wengi waliona wamenyimwa haki yao. Tena serikali mpya iliwaachisha kazi askari polisi wengi waliotoka bara, watu waliojua vizuri silaha zinawekwa wapi. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari maghala ya silaha yalitekwa, na sauti ya John Okello ikasikika katika redio. Sultani alikimbia kwa meli, naye Sheikh Abeid Amani Karume akawa Rais. Tusifiche jambo hili: watu wengi waliuawa, hasa Waarabu, na hesabu yao haijakubaliwa mpaka leo.

Sasa tuvuke bahari. Karume aliomba polisi kutoka Tanganyika wasaidie kulinda amani, na kikosi kikapelekwa. Hivyo Dar es Salaam ilipungukiwa na polisi wakati ulipohitajika ulinzi. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari, askari wa kambi ya Colito waliasi. Walidai mambo mawili: mishahara iongezwe, na maofisa wa Kiingereza waondolewe. Miaka miwili ilikuwa imepita tangu uhuru, na jeshi bado lilikuwa lile lile la mkoloni lililobadilishwa jina. Siku chache kabla, tarehe 7 Januari, Rais Nyerere alikuwa ametoa waraka kwamba katika kuajiri watumishi wa serikali raia wasibaguliwe tena kwa rangi. Waraka huo haukuwapendeza wote waliongojea vyeo.

Rais alifichwa mahali pa salama, naye Waziri Oscar Kambona akaenda kuzungumza na waasi. Mjini maduka yaliporwa, na watu kadhaa wakafa. Kesho yake askari wa Tabora nao wakaasi. Mwishowe Nyerere alilazimika kuomba msaada wa Uingereza, na tarehe 25 Januari majeshi yake yakatua Colito kwa helikopta na kuwanyang'anya waasi silaha.

Hapa tusimame kidogo. Nchi huru ilimwita mtawala wake wa zamani aje kuiokoa na jeshi lake yenyewe. Nyerere aliiona kuwa ni aibu kubwa. Mwezi wa Februari aliwaita mawaziri wa Afrika Dar es Salaam, na baadaye askari wa Nigeria wakachukua nafasi ya Waingereza. Jeshi la zamani lilivunjwa, na tarehe 1 Septemba likaanzishwa Jeshi la Wananchi. Kambi ya Colito ikaja kuitwa Lugalo, mahali ambapo Wahehe waliwashinda Wajerumani mwaka 1891. Lakini uhuru wa watu nao ulipungua: viongozi wengi wa vyama vya wafanyakazi walikamatwa, na vyama vyao vikafanywa kimoja, NUTA, chini ya mkono wa serikali.

Basi, hofu ya Januari ilifungua njia ya Aprili. Serikali mbili changa, kila moja ikijua udhaifu wake, na mataifa makubwa yakigombania Zanzibar, ziliona heri kuungana. Tarehe 22 Aprili Nyerere na Karume walitia sahihi Hati za Muungano, na tarehe 26 Aprili nchi ikawa moja, Nyerere akiwa Rais na Karume Makamu wa Kwanza. Jina la Tanzania lilikuja Oktoba. Wananchi hawakupigishwa kura juu ya jambo hilo, ndiyo sababu mjadala wake haujaisha.

Somo ni hili: bendera na wimbo hupatikana kwa siku moja. Kujenga dola ambayo watu wake na askari wake wanaiona ni yao ni kazi ndefu.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:

1. Kwa nini askari waliasi baada ya uhuru, wala si kabla yake?

2. Je, ilikuwa halali kuvunja vyama vya wafanyakazi kwa ajili ya usalama?

3. Waulizeni wazee wenu wanakumbuka nini juu ya mwaka 1964, mkalinganishe na somo hili.