Mafuta ya Chaulmoogra na Ugonjwa wa Ukoma

Kabla ya miaka ya 1940, dawa ya ukoma iliyotegemewa kuliko nyingine ilikuwa mafuta ya mbegu za chaulmoogra, mti wa misitu ya Burma na kaskazini-mashariki mwa India. Waganga wa huko waliyatumia tangu zamani, wakiwapaka wagonjwa na kuwanywesha. Mwaka 1854 Frederic Mouat, daktari Mwingereza aliyefundisha Calcutta, aliandika kuhusu wagonjwa waliopata nafuu kwa mafuta hayo, na habari zikafika Ulaya.

Lakini matokeo yalitofautiana mno: huyu alipona vidonda, yule hakuona badiliko lolote. Sababu moja ilikuwa mbegu zenyewe. Kwa miongo mingi wataalamu wa mimea waliamini kwamba mafuta hayo hutoka kwenye mti uitwao Gynocardia odorata, kumbe ulikuwa mti mwingine, Hydnocarpus kurzii. Mwaka 1904 Frederick Power na wenzake mjini London walitenga asidi ya chaulmoogra, asidi ya mafuta ambayo molekuli yake ina pete ya kaboni tano, jambo lisilo la kawaida katika mafuta ya mbegu. Mafuta ya Gynocardia hayana asidi hiyo.

Kosa la mbegu, hata hivyo, halitoshi kueleza yote, kwa sababu hata mafuta halisi yaliwashinda wagonjwa. Waliokunywa walitapika, na wengi wakaacha dawa mapema. Waliodungwa sindano waliteseka zaidi, kwani mafuta ni mazito na hayachanganyiki na maji ya mwili, hivyo yalibaki chini ya ngozi yakafanya vinundu vyenye maumivu makali. Kwa maoni yangu, hiki ndicho kilichokuwa kikwazo kikubwa.

Kikwazo hicho kiliondolewa Hawaii, ambako tangu 1866 wagonjwa walipelekwa kwa nguvu Kalaupapa, kisiwani Molokai, na wengi hawakurudi tena. Daktari Harry Hollmann wa hospitali ya Kalihi, Honolulu, aliomba msaada kwa Alice Ball, Mmarekani mweusi aliyekuwa amepata shahada ya uzamili ya kemia katika Chuo cha Hawaii mwaka 1915. Alikuwa na miaka 23. Ball alizigeuza asidi za mafuta hayo kuwa esta za ethili, kimiminika chepesi ambacho mwili uliweza kukipokea kwa sindano. Alifariki tarehe 31 Desemba 1916 kabla ya kuchapisha kazi yake. Arthur Dean, mkuu wake, aliiendeleza na kuitangaza bila kumtaja, na ikaitwa njia ya Dean. Huo ulikuwa udhalimu, na Hollmann alijaribu kuurekebisha mwaka 1922 alipoandika wazi kwamba njia hiyo ni ya Ball.

Kufikia 1920, wagonjwa 78 wa Kalihi walikuwa wameruhusiwa kwenda nyumbani. Je, walipona kwa sindano? Wenye shaka walikumbusha kwamba ukoma huweza kutulia wenyewe, tena hapakuwa na kundi la wagonjwa wasiodungwa wa kulinganishwa nao. Ni kweli pia kwamba baadhi walirudiwa na ugonjwa. Mwaka 1941, huko Carville, Louisiana, Guy Faget alianza kutumia promini, dawa ya jamii ya sulfoni iliyofanya kazi vizuri zaidi, na mafuta yakaachwa polepole.

Swali la kama mafuta hayo yaliponya kweli lilichunguzwa tena miaka ya 1970. Bakteria wa ukoma hawaoti kwenye vyombo vya maabara, kwa hiyo watafiti waliwapandikiza kwenye nyayo za panya. Katika panya waliopewa asidi za chaulmoogra, bakteria hao walizuiwa kuongezeka.