Ufilipino: Pa Kupumzika na Familia au Mwenzio

Ukiniuliza pa kupumzika Ufilipino, nitakuuliza kwanza unasafiri na nani. Kwa mwenye watoto nachagua Panglao, Bohol: fuo za mchanga mweupe, na kwa siku moja mtaenda na kurudi vilima vya Chocolate Hills. Mke na mume nawaelekeza El Nido, Palawan, wakazunguke kwa mashua kati ya majabali na ghuba zilizojificha. Boracay nayo ilifungwa miezi 6 mwaka 2018 ili isafishwe, maana majitaka yalimwagwa baharini.

Nenda kati ya Desemba na Mei. Juni hadi Novemba vimbunga huwa vingi. Nyama ya nguruwe huliwa sana huko, basi ulizia chakula halali kabla ya kulipia hoteli.